Ardhi hupimwa kama nazi: uzito unavyofichua yaliyo chini ya miguu yetu

Jumamosi moja asubuhi, maji yakiwa yamekupwa, nilishuka ufukweni Jangwani, Mbezi Beach, simu ikiwa mkononi. Mbele yangu kilionekana kisiwa cha Mbudya. Nyuma yangu zilisimama nyumba za ghorofa ambazo kila mwaka zinazidi kuisogelea bahari. Nilikuwa nimepakua programu inayoonyesha namba za satelaiti zikiwa ghafi, kabla hazijarekebishwa. Latitudo ilikaa sawa, longitudo ikakaa sawa, ila kwenye mstari wa mwinuko simu iliandika hasi 25. Nikasubiri. Nikasogea juu kidogo, kwenye mivinje. Namba ikapanda na kushuka kwa mita mbili tatu, lakini haikukaribia sifuri.

Kwa hesabu hiyo nilipaswa kuwa ndani kabisa ya maji. Nilikuwa nimesimama nchi kavu, viatu vikavu.

Simu haikukosea. Satelaiti haijui bahari ilipo. Yenyewe huhesabu kuanzia kwenye umbo la dunia lililonyooshwa kwa kanuni: tufe lililobonyea kidogo kwenye ncha zake mbili. Bahari halisi hailali juu ya umbo hilo. Hulala pale inapovutwa na uzito wa miamba iliyo chini yake na kandokando yake. Penye uzito mwingi maji hukusanyika na kupanda, na penye upungufu hushuka. Pwani ya Afrika Mashariki iko upande wa upungufu, ndiyo maana uso wa bahari hapa Dar es Salaam uko zaidi ya mita 20 chini ya umbo lile la kanuni. Ukivuka Bahari ya Hindi hadi kusini mwa Sri Lanka, shimo hilo linafika mita 106 hivi, na hakuna pengine duniani ambako uso wa bahari umezama kiasi hicho. Meli hupita humo kila siku na nahodha hahisi chochote, kwa sababu maji, meli na nahodha mwenyewe wote wanatii mvutano uleule.

Mwaka 2023 watafiti Debanjan Pal na Attreyee Ghosh wa Bengaluru, India, walitoa maelezo ya shimo hilo. Kwa hesabu zao, chanzo kikubwa ni mwamba wa moto, na kwa hiyo mwepesi, ulioinuka kutoka kina kirefu chini ya Afrika na kusambaa kuelekea mashariki. Kwa maneno mengine, joto lililo chini ya bara letu linashusha bahari ya watu wengine, na alama yake niliiona kwenye kioo cha simu nikiwa Mbezi Beach.

Tumezoea kudhani kwamba kilichozikwa hakijulikani mpaka kichimbwe. Si kweli. Kila kilichozikwa kina uzito, na uzito hauzikiki.

Nazi mbili katika genge

Kutoka ufukweni nilipandisha hadi Barabara ya Bagamoyo, kwenye genge moja karibu na kituo cha Tangi Bovu. Nilimwamkia mama muuzaji, nikaomba nazi moja ya mchuzi wa samaki. Alichukua mbili zilizolingana kwa ukubwa, moja katika kila kiganja, akazipandisha na kuzishusha taratibu. Ya kushoto akairudisha kwenye fungu. Ya kulia akaisogeza sikioni na kuitikisa. Maji yakasikika yakicheza ndani. Kisha akashika panga, akaigonga kiunoni huku akiizungusha mpaka ikapasuka, akakinga maji kwenye bakuli na kunionyesha nyama nyeupe, nene, safi.

Alifanya mambo matatu kwa nusu dakika: akapima uzito, akasikiliza sauti, akapasua. Wanaotafuta gesi, mafuta, maji na madini hufuata mpangilio huohuo, ila wao huchukua miaka. Kwanza hupima mvutano wa ardhi, kazi ya bei nafuu kuliko zinazofuata, isiyochimbua hata koleo moja la udongo. Halafu husikiliza: hutuma mitetemo ardhini na kunasa mwangwi unaorudi kutoka kwenye matabaka. Mwisho huja panga, yaani kisima, ambacho ni ghali kuliko vyote na ndicho pekee kinachomaliza ubishi.

Hapa nitazungumzia hatua ya kwanza: nguvu yake, na hatari ya kuishia hapo.

Punje mbili za mchele juu ya mfuko wa saruji

Chukua mfuko wa saruji wa kilo 50 uliotoka kiwandani Wazo, mwendo mfupi kutoka hapa. Utundike kwenye mizani ya springi hapa Mbezi Beach, kisha uusafirishe pamoja na mizani hiyohiyo hadi Ncha ya Kaskazini. Kule mizani itasoma nyongeza ya karibu robo kilo, ingawa hakuna aliyeongeza hata chembe ya saruji. Dunia imetanuka kidogo kiunoni na inazunguka, kwa hiyo sisi tulio jirani na ikweta tuko mbali zaidi na kitovu chake, na mzunguko nao unatupunguzia uzito kidogo. Mvutano hapa ni takriban mita 9.781 kwa sekunde kwa sekunde; nchani ni 9.832. Mfaransa Jean Richer alilikuta jambo hili mwaka 1672 bila kulitafuta. Saa yake ya pendulumu, iliyokuwa sahihi Paris, ilichelewa dakika mbili na nusu kila siku alipoifikisha Cayenne, Amerika ya Kusini, karibu na ikweta.

Tofauti hiyo ya robo kilo inajulikana na huondolewa kwa kanuni. Kinachotafutwa ni kile kinachobaki. Kipimo chake huitwa miligali, jina lililotokana na mwanasayansi Galileo, na miligali moja ni takriban sehemu moja katika milioni ya mvutano wote. Kwa mfuko wetu wa saruji hiyo ni miligramu 50, yaani punje mbili za mchele. Mtafiti anayezunguka porini na kifaa chake anasaka punje hizo: wapi mfuko umeongezeka punje kumi, wapi umepungua ishirini.

Punje hizo zinatokana na tofauti za miamba. Mita moja ya ujazo ya granaiti ina tani 2.65 hivi. Ya basalti, lile jiwe jeusi la volkano, hukaribia tani 2.9. Mchanga na matope yaliyotulia chini ya ziwa au bahari na kugandamana polepole, ambayo wataalamu huyaita mashapo, yanaweza kuwa na tani 2 au 2.3 tu, kwa sababu bado kuna maji katikati ya chembe zake. Palipo na mashapo ya unene wa kilomita moja, yenye upungufu wa tani 0.3 katika kila mita ya ujazo ukilinganisha na mwamba wa jirani, mvutano hupungua kwa miligali 12 au 13. Hizo ni punje 25 za mchele. Bonde la kale likishafukiwa, likasawazika, likaota nyasi na kulimwa mahindi, macho hayaoni tena kitu. Mizani bado inaliona.

Kifaa cha kupimia kinaitwa gravimita. Ndani yake kuna uzani mdogo ulioning'inizwa kwenye springi, na jinsi springi inavyonyooka ndivyo mvutano unavyosomwa. Ugumu ulikuwa kupata springi inayohisi sehemu moja katika mamilioni. Katika miaka ya 1930, huko Texas, mwanafunzi Lucien LaCoste na mwalimu wake Arnold Romberg walibuni springi ya namna ya pekee iliyoweza kazi hiyo, na gravimita zao zikabebwa dunia nzima.

Uwandani kazi ni ya subira. Mpimaji husimika miguu mitatu, husawazisha kifaa kwa kutazama povu kama fundi mwashi anavyotazama pima maji yake, husubiri lori lipite na upepo utulie, husoma, huandika saa na dakika, kisha huenda kituo kinachofuata. Mara kadhaa kwa siku hurudi alikoanzia na kusoma upya, kwa kuwa springi nayo huchoka na namba zake huhama kidogo kidogo.

Lazima ajue pia mwinuko wake vizuri. Ukiibeba gravimita kutoka sebuleni hadi juu ya paa la nyumba ya ghorofa, kiasi cha mita 10, mvutano hupungua miligali 3, punje sita, na hakuna mwamba wowote uliobadilika. Anayekosea mwinuko kwa mita tano amebuni mwamba usiokuwepo.

Mwezi nao humhusu. Watu wa pwani tunaijua bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo bahari hujaa sana na kupwa sana, hadi mashua za Kunduchi zikalala ubavu juu ya tope. Mwezi huohuo, kwa msaada wa jua, huivuta na ardhi ngumu. Sakafu ya nyumba yako hupanda na kushuka sentimita 30 hivi siku za bamvua, pamoja na kuta zake na mtaa mzima, ndiyo maana huhisi kitu. Gravimita huhisi, na mpimaji sharti aliondoe badiliko hilo kabla ya kusema lolote juu ya miamba.

Namba sahihi, hitimisho lisilo sahihi

Nchi hii imekuwa ikipimwa uzito kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 1899 na 1900 Wajerumani Ernst Kohlschütter na Hans Glauning waliizunguka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani wakiwa na pendulumu, wakihesabu mibembeo yake kituo baada ya kituo. Reli ya Kati ilikuwa haijaanza kujengwa. Vifaa vilivyotengenezwa kuhisi sehemu ndogo mno ya mvutano vilisafiri bara katika enzi ya mizigo ya kichwani.

Mwishoni mwa mwaka 1933 akaja Edward Bullard wa Chuo Kikuu cha Cambridge, akiwa na umri wa miaka 26. Alipima Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka 1936 Royal Society ya London ikachapisha matokeo yake. Kwenye Bonde la Ufa na maziwa yake aliukuta mvutano ukiwa pungufu.

Fuata hoja yake, maana ilikuwa hoja nzuri. Gamba la dunia limekaa juu ya mwamba mzito zaidi ulio chini yake, mfano wa boya juu ya maji. Kipande chepesi kinapaswa kuelea juu. Kama kipande chepesi kiko chini, bondeni, basi kuna kitu kinachokizuia kisipande. Bullard akaamua kwamba kuta mbili za bonde zinasukumana, zimekibana kile cha katikati na kukikandamiza. E. J. Wayland, mkuu wa idara ya jiolojia ya Uganda, alikuwa na wazo hilohilo.

Vipimo vya Bullard vilikuwa sahihi. Hitimisho lilikuwa kinyume cha ukweli. Leo vipimo vya satelaiti vinaonyesha kwamba pande mbili za Bonde la Ufa zinaachana, milimita chache kila mwaka. Upungufu wa mvutano una sababu mbili ambazo hazihitaji kubanwa kokote. Ya kwanza ni mashapo mepesi yaliyojaa bondeni. Ya pili iko chini sana: mwamba ulio chini ya gamba umepata joto, ukatanuka na kuwa mwepesi, hata nyanda za juu za Afrika Mashariki zikainuka na kubeba upungufu wa zaidi ya miligali 100. Kwa mfuko wetu wa saruji huo ni mchele unaojaza kijiko cha chai.

Bullard alikuja kuwa miongoni mwa walioisaidia dunia kukubali kwamba mabara husafiri. Mwaka 1965, yeye na wenzake walitumia kompyuta kuonyesha jinsi ukingo wa Afrika na ule wa Amerika ya Kusini unavyokaana, kama vipande viwili vya chungu kimoja kilichovunjika.

Safari yake ya Afrika Mashariki ndiyo inayonifundisha zaidi katika habari hii yote. Uzito mmoja unaweza kuletwa na mipangilio mingi. Mwamba mdogo mzito ulio karibu, na mwamba mkubwa zaidi ulio mbali, inaweza kufanana sana kwenye mizani. Rudi kwenye ile nazi iliyorudishwa kwenye fungu: inaweza kuwa imekauka maji, inaweza kuwa imeoza, inaweza kuwa na nyama nyembamba. Kiganja kilijua kwamba ni nyepesi. Sababu hakikuijua. Mvutano ni shahidi wa kwanza kuitwa mahakamani, na shahidi wa kwanza hatoi hukumu.

Akipata mashahidi wenzake, hueleza mambo makubwa. Mwaka 1992 Andrew Nyblade na Henry Pollack walichambua mvutano wa kaskazini mashariki mwa Tanzania na magharibi mwa Kenya. Walilitazama eneo ambapo mwamba wa kale sana uliobeba Shinyanga, Tabora na Singida unakutana na ukanda wa milima ya kale ulio mashariki yake. Mabadiliko ya uzito waliyoyaona hapo waliyafafanua kuwa ni mshono: mahali ambapo vipande viwili vya bara viligongana na kuunganika mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita. Milima ya mgongano huo imekwisha kulika na kusawazika. Mshono ungali unapimika.

Rukwa: bonde lenye kina kirefu kuliko linavyoonekana

Anayetaka kuona mpangilio wa nazi ukifuatwa hatua kwa hatua aende kusini magharibi. Ukisimama juu ya ukingo wa Ufipa unaliona Ziwa Rukwa chini yako likiwa pana na la maji ya kina kifupi, na tambarare kubwa kulizunguka. Mvutano ulisema kingine: chini ya tambarare hiyo kuna handaki kubwa lililojaa mashapo. Mitetemo ilipokuja kusikilizwa ilithibitisha, na penye kina kikubwa zaidi mashapo yanapita kilomita 7. Mlima Kilimanjaro wenye mita 5,895 ungezama humo. Mwaka 1987 kampuni ya Amoco ilichimba visima viwili, Ivuna na Galula, ikitafuta mafuta. Haikuyapata kwa kiasi cha biashara.

Handaki likakaa hadi mwaka 2016, pale watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, wakifanya kazi na kampuni ya Helium One, walipotangaza kwamba gesi inayotoka kwenye chemchemi za eneo hilo ina heliamu nyingi, gesi inayohitajika kupoza mashine za hospitali za kupiga picha ndani ya mwili. Miamba ya kale ya granaiti huitengeneza heliamu taratibu sana, kadiri urani na thori zilizomo ndani yake zinavyooza, na joto la volkano za Bonde la Ufa huifungua itoke. Ikishatoka inahitaji mahali pa kunaswa, chini ya tabaka lisilovuja, kandokando ya mpasuko. Kuitafuta mipasuko hiyo kampuni ilirusha ndege yenye vipimo vya mvutano, ikarudia kusikiliza mitetemo, ikachimba. Majaribio ya kwanza, mwaka 2021, hayakufikia lengo. Mwanzoni mwa 2024, kisima cha Itumbula kiliifikisha heliamu juu.

Kaskazini, nchini Uganda, hadithi ilienda hivyohivyo. Wayland aliandika juu ya mafuta yanayovuja kando ya Ziwa Albert tangu mwaka 1925, na kisima kilichimbwa Butiaba mwaka 1938. Iliwabidi wanajiolojia wa Uganda waliofuata watembee na gravimita kulichora bonde zima ndipo vikaja vipimo vya mitetemo na, mwaka 2006, ugunduzi uliotangazwa rasmi. Bomba lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, chimbuko lake la mbali ni mtu aliyepiga magoti bondeni akitazama povu la kusawazishia kifaa.

Ndege haioni mafuta

Machi 2017 ndege ndogo ilianza kuruka kwa kimo cha chini juu ya Unguja na Pemba, ikienda na kurudi kwa mistari iliyonyooka. Ilikuwa kazi ya kampuni ya Bell Geospace kwa ajili ya RAK Gas, wenye kitalu cha Pemba na Zanzibar. Humo ndani mlikuwa na kipimo kilichotokana na teknolojia iliyobuniwa kwa nyambizi za jeshi la majini la Marekani. Ndege hurushwarushwa na upepo, na gravimita ya kawaida ingechanganyikiwa. Kipimo hiki huweka vihisi viwili viwili karibu karibu na kusoma tofauti kati yao. Ndege ikiruka, vyote viwili huruka kwa pamoja na tofauti haibadiliki. Ikipita juu ya ukingo wa mwamba uliofichika, kimoja huvutwa zaidi ya mwenzake.

Ndege ya namna hii ikionekana, mitaani hukimbia neno kwamba mafuta yameonekana. Ndege haioni mafuta. Mafuta na gesi ndani ya vijitundu vya jiwe vinabadilisha uzito kidogo mno. Inachochora ndege ni umbo: wapi mwamba mgumu umezama, wapi umeinuka, wapi umekatika, wapi mashapo yamelundikana vya kutosha. Hapo ndipo pa kupeleka vipimo vya mitetemo. Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, TPDC, lilifuata njia hiyo katika bonde la Eyasi Wembere: ndege kwanza, kisha visima vifupi vya kuyajua mashapo, kisha mitetemo. Kati ya hatua na hatua hupita miaka, na mwananchi anayelijua jambo hili hataiuza ardhi yake wala kupandishiwa bei ya kiwanja kwa sababu ya mlio wa ndege.

Pwani yetu yenyewe ni mfano wa subira hiyo. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, BP na Shell walichimba Mafia, Unguja na Pemba. Kisima cha Unguja kilipita mita 4,000 na bado kilikuwa ndani ya mashapo. Gesi ya kwanza ilikuja kupatikana Songo Songo mwaka 1974, mikononi mwa AGIP, na ikafika kwenye mitambo ya umeme Dar es Salaam mwaka 2004.

Unene huo wa mashapo una kisa chake. Madagaska iliwahi kuwa jirani wa pwani hii, imebanana na Kenya, Somalia na kaskazini mwa Tanzania. Zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita ilijitenga ikateleza kusini, na penye jeraha bahari ikaingia na mito ikaanza kumwaga mchanga. Njia iliyopita imefunikwa na maji na matope, lakini satelaiti zinazopima urefu wa uso wa bahari huona maji yalivyoinuka na kushuka kwa kufuata uzito wa miamba ya chini. Kwa ramani hizo, mwaka 2016, Jordan Phethean na wenzake waliisoma upya mikwaruzo ya safari hiyo na kurekebisha njia iliyokuwa ikiaminiwa kwa muda mrefu.

Yanayotuhusu mtaani

Msomaji wa Mbezi Beach, Temeke au Tegeta anaweza kuuliza haya yote yanamfaa nini asiye na kitalu cha gesi. Yanamfaa. Mashapo ya pwani ndiyo pia ghala la maji. Kimbiji, upande wa Kigamboni, visima virefu vya mamia ya mita vimechimbwa kwa ajili ya Jiji letu, na kuijua sura ya tabaka lenye maji ni kujua ni kiasi gani cha kuchota bila kuvuta chumvi ya bahari.

Zipo pia nyumba zetu. Sehemu za pwani hii zimesimama juu ya mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa huyeyushwa na maji ya mvua hadi ikapata mapango. Amboni, Tanga, watalii hulipa kiingilio kuyaona. Chukua pango lenye upana wa mita 10 ambalo kitovu chake kiko mita 10 chini: linapunguza mvutano kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya miligali. Kwenye mfuko wa saruji hiyo ni kama sehemu ya tano ya punje moja ya mchele. Gravimita nzuri ya leo inaihisi. Duniani kote wahandisi huitumia njia hii kabla ya kujenga barabara na majengo marefu juu ya chokaa, kwa sababu kulijua pango kabla ya kumwaga zege ni nafuu kuliko kulijua baadaye.

Lipo na suala la mwinuko. Tunapima viwanja, mitaro na mabomba kwa vifaa vya satelaiti, na vifaa hivyo, kama simu yangu, huhesabu kutoka kwenye umbo la kanuni. Maji ya mvua ya mto Mbezi hayajui kanuni, hufuata mvutano. Ili namba ya satelaiti igeuzwe kuwa mwinuko ambao maji yanautambua, inahitajika ramani ya mvutano wa nchi nzima. Ndiyo kazi aliyoifanya Prosper Ulotu katika tasnifu yake ya udaktari mwaka 2009, akitumia vipimo vichache vilivyotawanyika vya nchi yetu. Hata Kilimanjaro umeguswa na hesabu hizi: upimaji wa satelaiti wa mwaka 1999 ulitoa mita 5,892 badala ya 5,895 za vitabuni. Mlima ulikuwa uleule, kipimo ndicho kilichokuwa bora.

Nina ombi moja kwa nchi yangu. Takwimu za mvutano hazichakai. Namba zilizosomwa na Bullard zimedumu kuliko maelezo yake, na mwanafunzi wa leo Dodoma au Mlimani anaweza kuzichukua na kuziuliza swali jipya. Kila ndege inayopita juu yetu, kila gravimita inayosimikwa kijijini, iache nakala yake hapa, katika taasisi zetu, mahali ambapo kijana wa Kitanzania anaweza kuifungua. Tumesomewa ardhi yetu kwa zaidi ya karne moja. Umefika wakati tuisome wenyewe, tena kwa wingi, kwa maana msomaji mmoja, hata awe hodari, anaweza kuona kubanwa mahali palipo na kuachana.

Kabla sijaondoka gengeni nilimuuliza mama kama kiganja chake kimewahi kumdanganya. Alisema mara nyingi, hata sikio limewahi kumdanganya. Ndiyo maana, akasema huku akinifungia vizio viwili kwenye gazeti, nazi ya mteja huivunja hapohapo mteja akiwa anatazama.